Lori la Pamba na Kompyuta Yake: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Ndugu msomaji, hebu fikiri kwamba ni jioni ya mwezi wa Julai mjini Bariadi. Msimu wa pamba umepamba moto. Lori limetoka wilaya ya Itilima na shehena ya pamba ya wakulima wa chama cha msingi, nalo linakwenda kiwandani kuchambuliwa mzigo wake. Jua linazama, dereva anabonyeza swichi ya taa. Taa zinawaka, zinazimika, zinawaka tena. Indiketa ya kushoto inapepesa bila kuguswa. Wipa zinapangusa kioo kikavu chenye vumbi, na honi imekuwa bubu. Lakini ajabu ni kwamba injini inanguruma vizuri kama kawaida yake.

Dereva analiegesha lori kando ya barabara na utingo anaweka pembe tatu zinazoakisi mwanga, nyuma na mbele. Haipiti nusu saa, washauri wanne wamekwisha fika. Wa kwanza anasema ni betri. Wa pili anasema ni fyuzi. Wa tatu anatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa na kutamka kwamba kompyuta ya bodi imekufa, inunuliwe nyingine Mwanza au Dar es Salaam. Wa nne hasemi neno. Amekamata waya mrefu mkononi, yuko tayari kuziunga taa moja kwa moja kutoka kwenye betri ili safari iendelee.

Sasa tumtazame mwenye lori. Yeye si tajiri. Ni ndugu watatu waliochanga akiba zao, na daftari la hesabu hulishika mke wa mmoja wao, mama ambaye hujua kila shilingi imeingiaje na imetokaje. Lori hilo ndilo ada ya shule, ndilo dawa ya bibi, ndilo bati la nyumba. Likilala siku moja, hesabu hupinda. Simu inapopigwa nyumbani usiku huo, mama huyo anauliza swali moja tu: "Shemeji, tumsikilize nani kati ya hao wanne?"

Makala haya yanajaribu kumjibu mama huyo, na kila familia ambayo riziki yake inategemea magurudumu.

LORI LA JANA NA LORI LA LEO

Wasomaji wenye umri watayakumbuka malori ya Scania yaliyounganishwa katika kiwanda cha TAMCO huko Kibaha katika miaka ya 1980. Umeme wa malori ya wakati huo ulikuwa wazi kama mkono. Kila taa ilikuwa na waya wake, uliotoka kwenye betri ukapita kwenye fyuzi, ukaenda kwenye swichi au relei, ukaishia kwenye balbu. Fundi mwenye taa ndogo ya majaribio aliufuata waya huo kama mchungaji anavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea, na aghalabu alimkuta.

Lakini mahitaji yaliongezeka. Breki zisizogandisha magurudumu, milango inayojifunga, taa zinazojikagua zenyewe. Kila jambo jipya lilidai waya mpya, hata mafungu ya waya yakawa mazito mno. Mwaka 1986, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mjini Detroit, Marekani, njia ya kuviwezesha vifaa vingi vya gari kuzungumza kwa kutumia waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mwaka 1991 njia hiyo ilionekana katika magari makubwa ya abiria ya Mercedes-Benz, na baadaye ikaingia katika malori ya karibu kila kiwanda.

Hapo ndipo ilipozaliwa moduli ya kudhibiti bodi, ambayo wengi huiita kompyuta ya bodi. Ni kisanduku kidogo kinachofichwa nyuma ya dashibodi, au karibu na kisanduku cha fyuzi. Viwanda huipa majina mbalimbali, na vingine huigawa kazi yake kati ya visanduku viwili au vitatu. Kazi yenyewe ni moja: kusimamia taa, indiketa, wipa, honi, vioo na kufuli za milango.

Tofauti iliyo kubwa ni hii. Katika lori la zamani swichi ilibeba umeme wa taa. Katika lori la leo swichi hupeleka ombi tu, kama karani anayepeleka barua kwa mkuu wa idara. Moduli husoma ombi, hutazama hali ya mambo, kisha hutoa amri na kupeleka umeme kwenye balbu. Umeme ukizidi kiasi, moduli nyingi huukata zenyewe na kuandika kosa hilo katika kumbukumbu.

Tuongeze kwamba malori mengi ya zamani yanayofanya kazi katika mkoa wa Simiyu hayana moduli ya namna hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye lori liwe: je, lori langu linayo? Kitabu cha gari au fundi anayelijua vema toleo hilo atakujibu.

MSHTAKIWA HAHUKUMIWI BILA USHAHIDI

Lipo kosa moja ambalo huwagharimu wengi. Taa zikicheza, lawama huangukia kompyuta, kwa sababu haijulikani vizuri. Kumbe kompyuta hiyo inaweza kuwa nzima kabisa, ikashindwa kazi kwa sababu umeme inaoletewa ni dhaifu au njia yake imeliwa na kutu. Mtu aliyenyimwa chakula akashindwa kulima hatumwiti mvivu.

Fundi mwenye busara huanza kwa maneno kabla ya vifaa. Humuuliza dereva: kasoro ilianza lini? Je, lori lilioshwa kwa maji ya nguvu? Lilichomelewa bodi au chasisi hivi karibuni bila kutoa nyaya za betri? Liliwashwa kwa kuazima betri ya gari jingine? Liliongezewa taa za urembo au za kumulika mbali? Majibu ya maswali hayo ni nusu ya tiba.

Baada ya hapo hupima betri. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Betri zilizojaa, lori likiwa limepumzika, huonyesha volti 25 au zaidi kidogo. Injini ikinguruma, alteneta yapasa kuzifikisha kwenye volti 27 hadi 28 na nusu hivi. Injini inapowashwa volti hushuka kwa muda mfupi. Zikiporomoka hadi chini ya 18, moduli zinaweza kupoteza fahamu na kuandika makosa ya uongo. Basi yule mshauri wa kwanza hakuwa mjinga. Kosa lake lilikuwa kusema bila kupima.

Hatua ya tatu ni fyuzi, relei, balbu na waya wa arthi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye chasisi na betri. Hapa pana mtego. Waya ulioliwa na kutu, ukabakiwa na nyuzi mbili, unaweza kuonyesha volti zote kwenye mita, lakini ukipewa kazi ya kubeba mzigo hushindwa. Kwa hiyo fundi hodari hupima wakati taa zimewashwa. Huweka ncha moja ya mita kwenye arthi ya moduli na nyingine kwenye hasi ya betri. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, njia hiyo ina kizuizi na haina budi kusafishwa kabla ya jambo jingine lolote.

Hatua ya nne ni mashine ya kusomea makosa. Mashine hiyo huchomekwa kwenye soketi maalumu na kuonyesha namba za makosa yaliyohifadhiwa. Wengi huzifuta namba hizo mara moja, wakidhani wamekwisha tengeneza. La hasha! Kuzifuta kabla ya kuziandika ni sawa na kuchoma maelezo ya mashahidi. Ziandikwe zote, ndipo zifutwe, kisha itazamwe ni zipi zinazorudi. Namba isemayo kwamba moduli haijibu haina maana kuwa moduli imekufa. Huenda haina umeme, au waya wa mawasiliano umekatika.

Waya hizo mbili za mawasiliano nazo zina kipimo chake. Kila mwisho wa njia kuu huwekwa kizuizi cha omu 120. Nyaya za betri zikiwa zimetolewa, mita ikiwekwa kati ya waya hizo mbili, katika malori mengi husoma omu 60 hivi, kwa kuwa vizuizi viwili vinafanya kazi bega kwa bega. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, waya zimegusana.

Hatua ya mwisho ndiyo hukumu. Kama umeme unafika kwenye moduli, arthi ni safi, ombi la swichi linaonekana kwenye mashine, waya wa kwenda kwenye taa ni mzima, na mashine ikiiamuru moduli iwashe taa haitoki hata chembe ya umeme. Hapo, ndugu msomaji, mshtakiwa amepatikana na hatia. Kabla ya hapo, kununua moduli mpya ni kucheza bahati nasibu kwa ada ya watoto.

MAJI YA MACHI, KASORO YA JULAI

Turudi kwa lori letu la mfano. Asubuhi anafika fundi mzee wa umeme wa magari akiwa na kijana wake anayejifunza kazi. Wanaamkiana na dereva kwa "Mwangaluka" ya Kisukuma, kisha mzee anakaa kitako kwenye kidato cha lori na kuuliza maswali yake bila haraka. Betri zinapimwa, ni nzima. Arthi inakutwa na kutu, inasafishwa. Indiketa inapungua wazimu lakini haiponi. Waya za mawasiliano zinasoma omu 60. Namba za makosa zinaandikwa kwenye daftari, zinafutwa, na tatu zinarudi, zote za moduli ile ile.

"Mzee, si tuitoe tuagize nyingine?" anauliza kijana.

"Subiri, mwanangu. Tumekwisha jua nani mgonjwa. Hatujajua nini kimemuugua."

Wanachomoa plagi kubwa ya moduli. Ndani yake pini zimeota ukungu wa kijani, alama ya shaba iliyolowa maji. Mzee anafuata waya kwa kidole. Mtu fulani, miezi kadhaa nyuma, alifunga taa mbili za kumulika mbali. Ili kupata umeme kwa urahisi alitoboa mpira wa kuzuia maji, akapenyeza waya wake humo. Mvua za mwezi wa Machi zilipokuja, maji yaliufuata waya huo tone kwa tone hadi ndani ya kisanduku. Mvua zilikoma, maji yakakauka, lakini kutu haikuacha kazi. Ilikula polepole hadi mwezi wa Julai.

Hapa ndipo penye somo kuu la makala haya. Moduli haifi bure. Kama mzee angeibadilisha bila kuutafuta mpira uliotobolewa, moduli mpya ingefanya kazi vizuri, watu wangemsifu, na msimu wa mvua ungefika ukaiua nayo. Familia ingenunua kisanduku kile kile mara mbili, na mara ya pili ingelaumu kiwanda.

KUBADILISHA SI KUCHOMOA NA KUCHOMEKA

Huenda msomaji akadhani kwamba kazi iliyobaki ni nyepesi. Siyo. Moduli ya lori la leo ina kumbukumbu. Inajua namba ya chasisi, aina ya taa zilizofungwa, kama lori huvuta tela au la, na katika baadhi ya malori inashiriki hata katika ulinzi dhidi ya wizi. Moduli mpya hutoka kiwandani ikiwa haijui mambo hayo, nayo haina budi kufundishwa kwa kompyuta yenye programu ya kiwanda husika.

Kwa sababu hiyo, moduli iliyotolewa kwenye lori lililopata ajali, hata kama ina umbo lile lile, inaweza kuleta mkanganyiko. Ina kumbukumbu za lori jingine. Baadhi huweza kuandikwa upya. Baadhi hukataa katakata, na lori likagoma hata kuwaka. Namba ya kifaa iliyobandikwa juu ya kisanduku ilinganishwe tarakimu kwa tarakimu kabla pesa haijatoka mfukoni.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Kwanza, mipangilio ya moduli ya zamani isomwe na kuhifadhiwa, kama bado inasomeka. Pili, ufunguo uzimwe, dakika kadhaa zipite ili kompyuta zote zilale, ndipo nyaya za betri zitolewe, kwa kuanza na ya hasi. Tatu, plagi zisafishwe, pini zilizoliwa zibadilishwe, na chanzo cha maji kizibwe. Nne, moduli mpya ifungwe mahali pake na betri zirudishwe. Tano, mipangilio iandikwe, na wakati wa kuandika betri zisaidiwe na chaja imara. Umeme ukiyumba katikati ya kazi hiyo, moduli mpya inaweza kuharibika hata kabla ya kuanza maisha yake.

Mwisho, kila kitu kijaribiwe: taa za mbele, za nyuma, za breki, za tela, indiketa, wipa, honi, milango. Namba za makosa zisomwe tena baada ya safari fupi. Hapo tu ndipo fundi huosha mikono.

WAYA WA MKATO NA SHEHENA YA PAMBA

Tumemsahau mshauri wa nne, yule mwenye waya mrefu. Yeye ndiye wa hatari kuliko wote, kwa sababu waya wake ungefanya kazi. Taa zingewaka, dereva angemshukuru, na lori lingeondoka.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Balbu mbili za mbele za wati 70 kila moja, kwa volti 24, huhitaji ampea 6 hivi. Fyuzi au moduli hukata umeme ukizidi kiasi chake. Lakini waya uliotoka moja kwa moja kwenye betri hauna askari. Siku utakaposuguliwa na chuma hadi ngozi yake ichubuke, betri za lori zinaweza kusukuma mamia ya ampea kupitia waya huo mwembamba. Utakuwa mwekundu kama makaa kabla dereva hajasikia harufu.

Na nyuma ya kibanda kuna nini? Kuna pamba kavu. Kila mtu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega anajua jinsi pamba inavyopokea cheche. Jasho la wakulima la msimu mzima, lori la ndugu watatu na pengine uhai wa dereva na utingo, vyote vinaweza kuondoka kwa sababu ya waya wa mkato.

Kadhalika, kusafiri usiku bila taa za uhakika si ushujaa. Kutoka Bariadi kwenda Lamadi ni kilomita 70 na ushei, na kwenda Maswa ni 50 hivi. Ni barabara za lami, lakini katika vijiji vilivyo kandokando yake watu hurudi nyumbani na baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe na mifugo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hudai taa zinazofanya kazi, na hata kama sheria isingedai, dhamiri ingedai. Afadhali mzigo uchelewe asubuhi moja kuliko mtoto wa mtu asifike nyumbani kabisa.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Mama mwenye daftari hana haja ya kujua umeme ili ailinde pesa ya familia. Anahitaji maswali manne tu. Je, volti za betri na za arthi zilipimwa, na zilisoma ngapi? Namba za makosa ni zipi, na zimeandikwa wapi? Ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba moduli yenyewe ndiyo mbovu? Na nini kiliiharibu? Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa; atafurahi. Anayenuna na kusema "wewe niamini tu, mama," huyo apewe asante na nauli ya kurudi.

Nao wazazi wenye vijana wanaopenda vyuma wazingatie jambo moja. Ufundi wa magari wa leo unadai spana na hesabu pamoja. Kijana wa kiume au wa kike anayesoma fizikia kwa bidii sekondari, kisha akaingia chuo cha VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, atakuwa na kazi maadamu malori yanatembea. Mikono ya wazee ina uzoefu ambao hakuna mashine inayoweza kuutoa. Macho ya vijana yanasoma skrini upesi. Gereji yenye vyote viwili ndiyo itakayolihudumia lori la leo.

Ndugu msomaji, lori letu la mfano lililala Bariadi siku tatu. Moduli ilifika kwa basi, ikafundishwa, ikafungwa. Mpira uliotobolewa ulibadilishwa, na zile taa za kumulika mbali zikafungiwa relei na fyuzi yake. Jioni ya siku ya tatu dereva alibonyeza swichi, taa zikawaka zikatulia. Alipiga honi mara moja, akapiga simu nyumbani.

"Shemeji," alisema, "andika kwenye daftari. Moduli moja, mpira mmoja, siku tatu."

"Nimeandika," akajibu mama. "Na huyo aliyetoboa mpira nimemwandika pia."